Fungu Kizimkazi: hakina maji, hakina mtu, lakini kina wenyewe

Huku kwetu Ulyankulu, ukitaja fungu, mtu anafikiria nyanya au karanga zilizopangwa sokoni. Pwani neno hilo lina maana nyingine pia: mchanga au matumbawe yaliyochomoza baharini. Leo tunaeleza habari za fungu moja la namna hiyo, dogo sana, ambalo limezua maneno kati ya Zanzibar na Tanzania Bara.

Linaitwa Fungu Kizimkazi. Wengine huliita Fungu Mbaraka, na kwenye ramani za mabaharia limeandikwa Latham. Liko Bahari ya Hindi, upande wa mashariki wa Dar es Salaam na kusini-mashariki mwa Unguja, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini Dar es Salaam. Urefu wake ni kama mita 300 na upana kama mita 170. Sehemu yake ya juu kabisa imeinuka mita 3 tu kutoka usawa wa bahari.

Hakuna anayeishi pale, na sababu ni maji. Mvua inanyesha, masika na vuli, kama pwani nyingine. Lakini huku Tabora mvua yetu ya Novemba hadi Aprili inaingia kwenye udongo, inajaza mbuga na visima. Kule hakuna udongo wa kuishika. Chini ni matumbawe, mchanga na kinyesi cha ndege kilichogandamana kwa miaka mingi. Hakuna kisima, hakuna mti wa kukupa kivuli. Kaskazi ikivuma, kisha kusi, hakuna kinachozuia upepo wala chumvi ya mawimbi. Wanaonufaika ni ndege wa baharini, wakiwemo membe, ambao hutaga chini kwa wingi kwa kuwa hakuna wa kuwasumbua isipokuwa wavuvi wanaotua mara mojamoja.

Sasa kwa nini watu wabishane juu ya mahali pasipo na hata tone la maji ya kunywa?

Fikiria bikoni ya mpaka wa shamba. Yenyewe ni kipande cha zege, haiuziki. Lakini ukiihamisha hatua 50, unamnyang'anya jirani ardhi. Kisiwa nacho baharini ni kama bikoni. Kwa Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 1985, nchi inahesabu bahari yake kuanzia ufukweni: maili 12 za baharini, yaani kilomita 22, ni eneo lake kamili, na hadi maili 200, kilomita 370, ina haki ya samaki, gesi na mafuta.

Ila sheria hiyo, katika kifungu cha 121, imeweka sharti. Mwamba usioweza kukimu maisha ya watu wala kuwa na uchumi wake wenyewe haupewi maili 200. Unapata zile 12 tu. Mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi kule The Hague ilitumia kifungu hicho katika kesi ya Ufilipino dhidi ya China, ikaamua kwamba visiwa vya Spratly havistahili maili 200. China iliukataa uamuzi huo. Kwa hiyo swali la kama kuna maji ya kunywa kisiwani ni swali la kisheria pia.

Kwa maoni yetu, mbele ya mataifa mengine Tanzania haipotezi mengi hapo. Fungu Kizimkazi liko ndani ya maili 200 zinazohesabiwa kutoka Bara na Unguja. Suala gumu ni la ndani ya nyumba. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inasema Zanzibar ni Unguja, Pemba, visiwa vidogo vinavyozizunguka na bahari yake kama ilivyokuwa kabla ya Muungano. Je, hiki kimo? Swali hilo lina uzito zaidi tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Petroli mwaka 2015 na Zanzibar ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016. Kila upande una leseni za kutoa, hivyo mpaka lazima ujulikane.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari. Gesi ya Songo Songo, kusini mwa pwani hiyo hiyo, inasaidia kuzalisha umeme wa gridi unaofika Tabora. Na mfano wa kuelewana upo: uvuvi wa bahari kuu unasimamiwa na mamlaka moja ya pande zote mbili.

Tusisahau pia Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa na miti, na kasa walitaga pale. Miti ilitoweka, mawimbi yakala mchanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilibaki fungu linaloonekana maji yakipwa. Kisiwa chenye kimo cha mita 3 hakina kinga kubwa mbele ya bahari inayopanda. Mpaka uandikwe sasa, kwa vipimo na kwa makubaliano, wakati bikoni bado imesimama.