Kufeli si darasani tu

Mwandishi, hapo uliposema "kufeli" ni neno la mitihani nakupinga. Nimekuwa utingo wa lori njia ya Tunduma miaka sita, na kwetu Mbeya ukisikia lori "limefeli" breki pale mteremko wa Iwambi hakuna anayeuliza somo gani, watu wanakimbia barabara. Nakumbuka tukishuka mlima Kitonga, magurudumu yanafuka moshi, nimekumbatia jiwe la kuzuia tairi, mikono inatetemeka. Neno hili tumelitoa kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini, fallere, yaani kudanganya. Ndugu uliyechangia hapo juu ukitaka tuseme "kushindwa", mimi naona halitoshi. Breki inadanganya kweli: unakanyaga inashika, unakanyaga tena haipo.