ALIYESHINDA AFUNGUE MOTERI YAKE



Muhula huu kulitokea matata ku masomo yetu, na mpaka leo hayajaisha. Mwenzetu mmoja wa mekaniki alikuwa wa kwanza kwa pointi zilizoshangaza watu. Kisha kutangaza matokeo, wakubwa wa masomo waliamuru karatasi yake isahihishwe mara ya pili na mwalimu mwingine, na yeye mwenyewe aitwe kufanya mahesabu mawili ku ubao. Usiku ule katika dortuari hakuna aliyelala mapema. "Wamemwita mwizi!" "Wamemtia haya!" "Kama angekuwa wa mwisho, nani angemwuliza kitu?" Hata mimi nililalamika pamoja na wengine.

Lakini nimewaza sana, na leo nataka kusema neno ambalo wengi hawatalipenda: aliyeshinda njo anapashwa kupimwa. Si juu ya chuki, ni juu ya heshima yake. Ili mnifahamu, nitapita njia ya mbali kidogo, kwa mashindano ya mashua ndogo za moteri ambayo mwalimu wetu wa teknolojia alitufundisha.

Katika inchi za Ulaya, Marekani na Japani, watu wazima na vijana wanashindanisha mashua ndogo ambazo mtu mmoja anaweza kubeba kwa mikono. Mwenye mashua anasimama kando ya maji na kuiongoza kwa radio. Msizani ni mchezo wa watoto tu. Iko na shirika la kimataifa, jina lake NAVIGA, lililoundwa mwaka 1959, na sheria zake zimeandikwa sawa sheria za mpira. Ndani ya mashua mna moteri ya kweli, yenye pistoni, silinda na karbirateri. Zile ndogo ni za cm³ 3,5. Kijiko kidogo cha chai kinachukua cm³ 5, basi silinda yote haijazi hata kijiko. Lakini inazunguka zaidi ya mara 20 000 kwa dakika moja, wakati moteri ya gari la kawaida inachoka mbele ya kufika 7 000! Zingine ni kubwa zaidi na zinakunywa esansi iliyochanganywa na mafuta. Kati ya hizo iko Zenoah ya Japani, ndugu ya masini ya kukatia majani.

Sasa, moteri kubwa inavuta hewa na mafuta mingi, na inatoa nguvu mingi. Kwa hiyo wamezigawanya kwa vikundi: za 3,5 zinashindana peke yao, za 7,5 peke yao, za 15 peke yao. Tena kuna vikundi vya moteri zilizobaki vile zilitoka kiwandani. Hapo hakuna ruhusa ya kuchonga matundu ya silinda wala kubadili karbirateri. Juu ya nini? Juu mtu maskini naye apate kushinda. Kama kila mtu angeruhusiwa kuchonga moteri apendavyo, mwenye franga nyingi angelipa fundi mkubwa, na mtoto wa mkulima angekaa pembeni kutazama. Basi sheria ya moteri ni ukuta wa kumkinga mdogo. Lakini ukuta usio na mlinzi haufai kitu, na mlinzi wake ni kupima.

Namna ya kupima ni hii, na wenzangu wa mekaniki wataifurahia. Katika mashindano makubwa, mara nyingi mashua zilizoshinda zinawekwa pembeni, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa tena. Mwamuzi anaomba moteri ifunguliwe kichwa. Anapima upana wa silinda kwa piyakulisi ao kwa chombo kingine cha haki zaidi, kisha anapima mwendo wa pistoni toka chini mpaka juu. Ile Zenoah ya aina G260 iko na upana wa milimeta 34 na mwendo wa milimeta 28. Nusu ya upana ni 17. Tufanye hesabu: 3,1416 × 17 × 17 × 28. Inatoa milimeta kubiki 25 422, ni kusema cm³ 25,4. Tuseme mpaka wa kikundi ni 26. Iko ndani, vizuri.

Lakini mtu mwenye hila anaipeleka ku turu na kupanua silinda toka 34 mpaka 34,4, na kutia pistoni inayolingana. Fanyeni hesabu tena: inapita 26. Na ile milimeta 0,4 ni nini? Ni unene wa karatasi nne hivi za daftari! Nani ataiona kwa macho, mashua ikipita mbio na kurusha maji? Hakuna. Wizi wa namna hii hauonekani paka kwa chombo.

Hata mafuta yanapimwa. Moteri ndogo zinakunywa metanoli na mafuta ya kulainisha, na wengine wanaongeza nitrometani ili kupata nguvu. Lita moja ya metanoli ni karibu gramu 790, lakini lita ya nitrometani inapita gramu 1 100. Basi mwamuzi akipima uzito anaweza kutambua kwamba mafuta haya si yale yaliyoruhusiwa. Ndugu zao wanaoshindanisha ndege ndogo za mbio za cm³ 2,5 walipata dawa nyepesi zaidi: watengenezaji wa mashindano njo wanagawa mafuta kwa wote, metanoli 80 kwa mia na mafuta ya mbarika 20 kwa mia. Wote wanakunywa katika chupa moja, na mabishano yanaisha.

Mtu atasema: "Ni mchezo tu, nani atajisumbua kuiba?" Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ulitokea Akron, katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1973. Huko vijana wanashindana kwa vigari visivyo na moteri, vinavyoshuka mlima kwa uzito wao tu. Mshindi wa mwaka ule alikuwa kijana wa miaka 14. Watu walishangaa sababu kigari chake kiliruka mbele ya vingine pale pa kuanza. Wapimaji walikipiga radiografi, sawa vile daktari anatazama mfupa, na ndani ya pua ya kigari wakaona sumaku ya umeme na betri. Kijana alipobana kichwa nyuma, sumaku iliwaka na kuvutwa na chuma cha pa kuanzia kilipoanguka mbele. Alinyanganywa ushindi, na zawadi ya kulipia masomo, dolari 7 500, ikaenda kwa wa pili. Aliyemwongoza katika hila ile alikuwa mjomba wake mwenyewe, mtu mzima mwenye elimu. Naye alijitetea kwamba wengine pia wanavunja sheria.

Wa pili mnajua jina lake, sababu magari yake yanapita hapa kwetu kila siku. Mwaka 1995, katika mbio za rali huko Katalunya, Hispania, wapimaji walifungua turbo ya gari la kikundi cha Toyota. Sheria ilisema hewa yote ipite katika pete ya upana wa milimeta 34, ili nguvu za magari zikaribiane. Wale mafundi walitengeneza pete yenye springi ndani. Bomba likifungwa kwa nguvu, pete ilisogea na hewa ingine ikapita pembeni. Ukifungua bomba ili kupima, springi zilirudisha kila kitu pa fasi yake na pete ilionekana kuwa ya haki. Shirikisho la kimataifa lilifuta pointi zao zote na kuwafukuza katika mashindano mwaka mzima.

Sasa nirudi kwa malalamiko ya dortuari, nijibu moja moja.

Wanasema kupima ni kutukana. Hapana. Mwamuzi wa mashua haulizi, "Wewe ni mtu wa namna gani?" Anauliza, "Umepata nafasi gani?" Wa kwanza anafunguliwa kwa sababu ni wa kwanza, basi. Na moteri yake ikionekana ya haki, vinywa vyote vinafungwa. Ushindi ambao haujapimwa unafuatwa na manongono mpaka mwisho.

Wanasema pia, "Wote wanakopia, juu ya nini ashikwe mmoja?" Hilo njo neno la yule mjomba wa Akron. Mtazame matunda yake: mtu mzima alisema "wote wanafanya", na mtoto wa miaka 14 njo alibeba haya mbele ya inchi nzima. Kama wote wanaiba, dawa si kuacha kupima, dawa ni kupima wengi.

Wengine wanasema kuficha kikaratasi katika soksi ni akili. Nakubali, ile pete ya Toyota ilikuwa na akili kubwa. Lakini ilikuwa akili ya kumdanganya mpimaji tu. Katika mashua akili iko na fasi mingi sana bila kuvunja sheria: umbo la panga la kusukuma maji, uzito uwekwe wapi, maji ya kupoza moteri yapite namna gani, kona ikatwe wapi. Mtu mwenye akili ya kweli hakosi kazi ndani ya mpaka.

Lakini ndugu wakubwa wetu, msifurahi mapema, sababu nina neno kwenu pia. Kupima nako kuko na sheria yake. Ya kwanza, sheria inaandikwa mbele ya mashindano, haiandikwi kisha kuona nani ameshinda. Ya pili, chombo ni kimoja kwa wote, na moteri inapimwa ikiwa baridi, sababu chuma cha moto kinapanuka. Silinda ya aluminiamu ya milimeta 34, ikipata joto la digri 100 zaidi, inaongezeka karibu milimeta 0,08. Ukiipima mara moja toka majini, unaweza kumhukumu mtu wa haki. Ya tatu, mwenye moteri anasimama pale na kuona, na anaweza kuomba ipimwe tena. Ya ine, mpimaji hana mashua yake katika mashindano yale. Kitabu cha Mezali kinatuambia wazi namna Mungu anavyochukia mizani ya udanganyifu, na mizani ile inaweza kuwa katika mkono wa mpimaji vilevile.

Kwetu mambo yalikwenda namna gani? Hakuna sheria iliyobandikwa. Kusahihisha mara ya pili kuliamuliwa kisha matokeo, na kwa mwanafunzi mmoja peke yake. Moteri ilipimwa ikiwa ingali moto! Njo maana watu walikasirika, na kwa hapo hawakukosa.

Kwa hiyo naomba hivi. Toka muhula unaokuja, ibandikwe ku ubao wa matangazo kwamba watatu wa kwanza wa kila kalasi, wote, kila muhula, karatasi zao zitatazamwa tena na mwalimu asiyefundisha kalasi ile, na mwanafunzi mwenyewe akiwapo. Akipatikana na kosa, sheria ifanye kazi yake. Akikosekana na kosa, Prefe aseme hivyo mbele ya wote asubuhi ku mstari, kwa sauti ileile ya kutangaza matokeo. Na sisi wanafunzi tuache kumwita mwizi mtu ambaye karatasi yake imetazamwa tu.

Namalizia kwa jambo ambalo kelele zetu zililifunika. Yule mwenzetu alifanya mahesabu yote mawili ku ubao bila kusita. Na karatasi yake iliposahihishwa mara ya pili, pointi zake hazikushuka. Zilipanda mbili, sababu mwalimu wa kwanza alisahau kugeuza karatasi na kusahihisha swali la nyuma. Bila kupimwa, angezipoteza.

Ni mimi mwenzenu,
mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mekaniki