Mto Ukikauka, Magonjwa Hubisha Hodi

Kiangazi kikizidi, wakulima wa Laikipia hufungulia mimea maji ya mito ya Mlima Kenya, huku wenzao wa Isiolo na Samburu wakichimba mchanga wa mto Ewaso Ng'iro uliokauka. Kisima hicho hunyweshwa watu na mifugo pia. Je, ni ajabu watoto wakiendesha?

Vyama vya watumiaji maji hupanga zamu, lakini zamu haiongezi maji. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani. Basi kila mwenye shamba kubwa achimbe bwawa, alijaze wakati wa masika, na kiangazi auachie mto upite.

Nasi wa mjini tunaonunua kabeji hizo tukumbuke: dawa ya kwanza ya kuhara ni maji safi.