Haki ya Tabianchi Si Sadaka

Tarehe 2 Mei, 2025, Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, ukishirikiana na asasi nyingine za kiraia, ulipeleka ombi katika Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha. Mahkama iliombwa itoe maoni ya kisheria juu ya wajibu wa serikali za Afrika wa kuwalinda wananchi wao na madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Sisi tunaliunga mkono ombi hilo, na tunaona kuwa linatuhusu mno sisi watu wa visiwani.

Bara letu hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayoipasha dunia joto. Waliojitajirisha kwa makaa ya mawe na mafuta ni nchi za viwanda. Lakini bahari haiulizi ni nani aliyewasha moto. Huko Pemba maji ya chumvi yamekwisha kuingia katika mabonde yaliyokuwa yakilimwa mpunga. Mwani wa kotonii hufa maji yanapozidi joto, na wakulima wake, ambao wengi wao ni kina mama, hulazimika kuufuata kwenye kina kirefu, ilhali wengi hawajui kuogelea.

Huko Baku, Novemba 2024, nchi za Afrika zilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Zikaahidiwa bilioni 300, tena ifikapo mwaka 2035, bila ya sharti kwamba ziwe ruzuku na si mikopo. Kumkopesha mtu fedha za kuijenga nyumba uliyomvunjia mwenyewe si msaada. Ni kumnyonya mara ya pili.

Hata hivyo, ombi la Arusha linauliza pia wajibu wa serikali zetu wenyewe. Wapo watendaji wanaozitazama asasi za kiraia kama wapinzani. Huo ni mtazamo potofu. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kinawapa watu wote haki ya mazingira mema yanayofaa kwa maendeleo yao. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 1981 na serikali zenyewe. Anayeukumbusha hakuzua jambo jipya.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa wizara na wilaya watangaze katika kila shehia inayohusika fedha za tabianchi zilizopokewa na kazi zilizokusudiwa. Kabla ya kujenga tuta la kuzuia maji, masheha wakae na wakulima, kwani wao ndio wajuao maji hupitia wapi wakati wa bamvua. Nasi wananchi tuache kukata mikoko na kuchimba mchanga wa pwani, maana kufanya hivyo ni kulidhoofisha dai letu wenyewe.

Serikali inayodai haki mbele ya mataifa haina budi kuitenda kwanza kwa watu wake. Fedha hizo ni amana, na amana hufikishwa kwa mwenyewe.