Shairi liko pembeni mwa picha

Miaka ya 1970 huko Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu na wachoraji wenzake walichora picha za kutundika saloni. Moja waliiita Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa, Mzungu anatazama. Mara nyingi pembeni kuna wanawake. Wengi wataandika juu ya fimbo; mimi naona shairi liko kwa hao wa pembeni. Yule mama atamwambia mtoto nini jioni?

Usieleze picha yote, msomaji ana macho. Chagua mtu mmoja, umpe sauti. Mistari sita inatosha, na vina vikikataa, viache. Mwenye mzee nyumbani amuulize kwanza: fimbo ile waliiitaje? Jina hilo liandikwe vilevile, hata kama ni la kilugha.