Afya ya Wafanya Kazi wa Risasi

Vijana wengi wa Marambo, toka Nachingwea na Ruangwa, huacha korosho na ufuta na kwenda Dar es Salaam kutafuta mshahara. Wamo wanaotengeneza betri za magari, na wamo wanaoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Hao ndio tunaotaka kusema habari zao. (Kinywe cha Ruangwa si risasi, ingawa Waingereza hata leo huita kinywe cha penseli kwa jina hilo.)

Mfanya kazi avutapo vumbi au moshi wa risasi, au alapo kwa mikono isiyooshwa, sumu huingia damuni. Huko haikai sana: kwa kadiri ya mwezi mmoja nusu yake huwa imekwisha toka. Lakini nyingi hukimbilia mifupani, nako hukaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Katika mtu mzima, zaidi ya sehemu 90 katika 100 za risasi yote ya mwili imo mifupani. Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu chaweza kumdanganya daktari. Aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na mitano, kisha akarudi kwao kulima, damu yake yaweza kuonyesha kiasi kidogo, hali figo zake zimekwisha dhurika.

Ziko mashine za eksirei zipimazo risasi katika mfupa wa muundi, lakini ni chache duniani, na kuzingoja ni kuwaacha watu waangamie. Hatuna budi kupima damu kila baada ya miezi michache, kuandika kila kipimo, na kujumlisha miaka yote. Hesabu hiyo hukaribia ile ya mfupa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imekwisha agiza wafanya kazi wapimwe. Sisi twadai majibu wapewe wenyewe kwa maandishi. Daftari lililofungiwa kabatini mwa mwajiri halimfai aliyekwisha acha kazi.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza mwaka 2007 kikafungwa 2014. Wananchi walishtaki, na vipimo vya damu vikawa miongoni mwa ushahidi wao. Mwaka 2020 waliamuliwa shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu ikatanguliwa 2023, ikarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024.

Vyama vya wafanya kazi na vianze kudai vipimo hivyo mwaka huu, na matawi yetu ya Nachingwea na Ruangwa yaandike majina ya ndugu waliokwisha rudi.