Nguruwe Anyoshapo Kwato

Ndugu msomaji, tuseme una arusi nyumbani kwako Holili, pale mpakani ambapo barabara itokayo Moshi huvuka kwenda Taveta. Jirani yako mmoja ni Mwislamu, wa pili ni Msabato kutoka Upareni, wa tatu ni Mlutheri mwenye banda la nguruwe. Je, utapika kwa sufuria ngapi?

Wengi hudhani kuwa nguruwe hukatazwa kwa ajili ya uchafu wa banda lake. Sivyo. Kwa Kiebrania mnyama huyu huitwa haziri, neno lililo ndugu wa khinzir la Kiarabu, ambalo ndilo lililotupatia hinziri katika Kiswahili. Torati, katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, haitaji matope. Yataka mnyama wa miguu minne aliwaye awe na alama mbili: kwato zilizopasuka, na kucheua. Ngamia hucheua, lakini kwato hana. Nguruwe ni kinyume chake: kwato anazo, kucheua hacheui. Kwa hiyo ni najisi, na hata ukimwogesha kwa sabuni kila siku, hukumu yake haibadiliki.

Walimu wa kale wa Kiyahudi walipata fundisho hapo. Walisema kwamba nguruwe alalapo hunyosha miguu aonyeshe kwato zake, kana kwamba anajitangaza kuwa safi, ilhali kasoro yake imo ndani. Akawa kwao mfano wa mnafiki.

Amri hiyo ya Torati huishika Wasabato, ambao misheni yao ilianza Upareni mwaka 1903. Waislamu nao wamekatazwa na Kurani. Wala hili si jambo dogo: mwezi wa Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam.

Basi, ewe mwenye arusi, tenga sufuria, kisu na ubao wa kukatia, na uwaeleze wageni ukweli kabla hawajanawa mikono. Nawe usiyekula, usimwite mwenzio hinziri. Torati ilimtaja mnyama, haikumtaja jirani. Ama yule awakaribishaye watu kwa tabasamu, huku jikoni amekwisha kuchanganya miiko, huyo ndiye aliyenyosha kwato.